Waya Chini ya Pazia

Mafuta ya taa ndiyo yaliyomponza Apolonia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiisafisha mashine yake ya chapa kwa namna ileile: kila Jumanne kabla ya chai, mswaki mkuukuu, tone la mafuta ya taa, kitambaa cha pamba, na herufi zote zinang'aa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kompyuta haitaki mapenzi ya aina hiyo. Basi Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka wa tisini na saba, akiwa nyumbani kwake Kambarage, aliifunua kompyuta ya kukunja aliyokabidhiwa na ofisi, akaona vumbi la Shinyanga limejaa katikati ya vitufe, akaionea huruma. Akachukua mswaki.

Ilipofika saa nne vitufe kumi na kimoja vilikuwa vimekufa. Alibonyeza, akabonyeza tena, akapuliza, akafuta, akaianika mashine mlangoni juani kama anaanika dagaa. Hadi jioni vilikuwa kumi na tisa, na vingine vikibonyea vilibaki hukohuko chini, haviinuki. Herufi A ilikuwa ya kwanza kwenda, na mtu yeyote aliyewahi kuandika barua ya Kiswahili atajua kwamba bila A hata salamu haiandikiki.

Kilichomtoa jasho hakikuwa kompyuta yenyewe. Ofisi yake ilikuwa ya ushirika wa wakulima wa pamba, na mwaka ule ushirika ulikuwa unapunguza watu. Wapiga chapa walikuwa watano, wangebaki wawili. Mashine za chapa zilikuwa zimekusanywa zote na kufungiwa stoo, na kila mpiga chapa alikuwa amepewa kazi ya kuifanya kwa kompyuta, ajulikane anafaa au hafai. Apolonia alipewa taarifa ya mkutano mkuu, kurasa thelathini na moja, itoke ikiwa imechapwa safi Ijumaa saa tisa alasiri. Akishindwa, unga umemwagika. Na si unga tu: nyumba ile ya vyumba viwili aliyokuwa anaishi, na ambayo mumewe Maige aliijia kila mwisho wa mwezi kutoka kwenye ng'ombe na mashamba yao Didia, ilikuwa nyumba ya ushirika. Kazi ikiondoka, na funguo unarudisha.

Alikuwa amefika ukurasa wa kumi na nne.

Jumatano asubuhi alikwenda ofisini. Katibu wa ushirika, Bwana Magesa, alikuwa mtu mwembamba, mwenye kauli ya kuchekesha watu kwa gharama ya mwingine. Siku hiyo wakulima wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri stakabadhi zao, kwa hiyo alikuwa na wasikilizaji.

"Mama Violeth! Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na nne, Katibu."

"Na mashine inakwenda?"

"Inakwenda." Uongo huo ulimkwaruza koo kama dawa ya kwinini. "Ila nilikuwa naulizia, hapa ofisini hakuna kibodi ya ziada? Ile ya kuchomeka kwa nje?"

Bwana Magesa aliweka kikombe mezani. "Ya nje? Mama, ya ndani tu inakusumbua, sasa unataka na ya nje? Wewe umezoea ile ya kuisukuma kwa mkono mpaka kengele inalia tiing! Humu hamna mkono wala kengele."

Wakulima walicheka bila kujua wanacheka nini. Apolonia naye akacheka, maana mtu mzima akichekwa mbele ya watu hana pengine pa kuuficha uso. Alipotoka nje alifuatwa na Nyamizi, binti aliyesomea kompyuta miezi mitatu Mwanza, ambaye ndiye aliyekalia kompyuta mpya pale ofisini. Apolonia alikuwa hampendi sana Nyamizi, tangu alipoingia ofisini na vyeti vyake.

"Shikamoo, mama," Nyamizi alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba."

"Ile mashine yako ina tundu la duara nyuma, dogo, ndilo la kibodi. La printa lipo pia, lile pana. Ukipata vifaa itavikubali. Ila uizime kwanza kabla hujachomeka. Ukichomeka ikiwa inawaka unaweza kuiunguza ndani." Akageuka kutazama mlangoni. "Ningekuja mwenyewe, lakini na mimi napimwa."

Apolonia alimtazama binti yule, akaona aibu ya miezi yote aliyomnunia. "Ahsante, mwanangu," alisema, na alimaanisha.

Nyumbani, binti yake Violeth alikuwa amekaa mkekani akinyonyesha. Alikuwa amekuja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada, na siku arobaini zilikuwa bado hazijatimia. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akasema kile alichokuwa anakijua tangu jana ila aliogopa kukitamka.

"Mama, Masele anazijua hizi. Miaka minne alikuwa kambini kwa wale wazungu wa kupima miamba kule Segese, kazi yake ilikuwa hizihizi. Kompyuta za kukunja, printa, kadi zake zote. Tumwite."

"Masele nani?"

"Mama! Mume wangu."

"Najua ni mumeo. Nauliza unataka nimfanyeje? Mkwe wangu aingie humu ndani akae meza moja na mimi? Watu wa Didia wakisikia?"

Maana kwao Apolonia mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha mapema akawa na shughuli vichakani. Masele alipokuja kumwona mtoto alikaa barazani, akaletewa mwanawe nje, na Apolonia akawa jikoni mpaka alipoondoka. Hiyo ni heshima, na heshima ni kitu kizuri. Lakini tuseme kweli: kwa Apolonia ilikuwa pia kinga. Hakumpenda kijana yule. Alimwona mtu wa machimbo tu, leo ana viatu kesho hana, na aliishukuru mila iliyomwezesha kutokumwona kabisa.

"Basi tufungashe vyombo," alisema Violeth, akimhamishia mtoto titi la pili. "Ijumaa haiko mbali."

Apolonia alivuta kiti mezani. Kisha akatoa kalamu, akaandika barua kwa Masele ili Violeth aitie sahihi, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kumwandikia mkwe, na akaipeleka stendi kwa kondakta wa basi la Segese. Barua ilisema tu kwamba kompyuta imeharibika na mama yuko kwenye shida. Mafuta ya taa hayakutajwa.

Kibodi na printa alivipata pale ambapo hakutegemea. Duka la vifaa vya ofisi la marehemu Jayant, karibu na soko, lilikuwa sasa mikononi mwa mjane wake, Kantaben, aliyeitwa na wengi Mama Sunil. Apolonia alikwenda kuulizia bei tu, akijua hataiweza.

"Kibodi mpya sina," alisema Kantaben. "Mpaka iagizwe Dar. Wewe unataka lini?"

"Kesho, Mama Sunil."

"Kesho!" Kantaben alivua miwani. "Umefanya nini?"

Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine dukani, na kwa kuwa alikuwa amechoka kudanganya, Apolonia alimweleza yote, mafuta ya taa na mswaki na jua. Kantaben hakucheka. Alipanda ngazi taratibu hadi ghorofani kwake, na Apolonia alisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Alirudi na kibodi kubwa ya rangi ya maziwa yaliyoganda, waya wake mnene umejisokota kama wa simu ya mezani.

"Ya Jayant. Kompyuta yenyewe Sunil ameichukua Mwanza. Hii imebaki, na printa yake iko juu, ile ya sindano, inapiga kelele sana. Chukua zote."

"Mama Sunil, mimi siwezi..."

"Wewe ulinipigia chapa barua zote za mirathi. Barua kumi na tisa. Kila ofisi ikanirudisha, wewe ukaandika tena, hukunikasirikia hata siku moja. Chukua, utarudisha."

Apolonia alishika ile kibodi kifuani kama mtu aliyepewa mtoto ampakate. Machozi yalimjia, akayarudisha. Akasema kilichokuwa kinamkera zaidi: kwamba anayejua kuviunga ni mkwe wake, na hawezi kuingia naye chumba kimoja.

"Aa, hilo?" Kantaben alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mimi niliolewa hapa Shinyanga nina miaka kumi na minane. Miaka kumi na mmoja baba mkwe wangu hakuona uso wangu. Nilikuwa navuta sari hivi, mpaka kidevuni. Kila siku nampikia, nampa chapati kwa mlangoni, mkono tu unatoka. Alipokuwa anakufa aliniita mwanangu. Pazia haikatazi kazi, Mama Violeth. Funga pazia."

Masele alifika Alhamisi saa kumi jioni, vumbi la barabara limemfanya mvi, begi la turubai begani. Alipiga hodi kutoka mbali kabisa, kwenye ukingo wa ua, ili mama mkwe apate nafasi ya kujificha. Apolonia aliingia chumbani, akavuta pazia la maua lililotenganisha chumba na sebule, akakaa kitandani. Moyo ulimwenda mbio kana kwamba ni yeye anayeposwa.

"Mwambie mama shikamoo," alisikia sauti ya Masele.

"Mama, Masele anakuamkia."

"Mwambie marahaba. Muulize habari za Segese."

Nyumba ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya jikoni, aliye chumbani anaweza kumwambia afya. Kila mmoja alimsikia mwenziwe wazi. Hata hivyo kila neno lilipita kwa Violeth, likarudiwa, ndipo likajibiwa.

Masele aliosha mikono, akamshika mwanawe kidogo, akamrudisha, kisha akafungua kompyuta. Apolonia alijua ni lini alipoinusa, kwa sababu alinyamaza. Pua yoyote ingejua mafuta ya taa. Alisubiri kicheko, au ule mguno wanaume wanaoutoa wakikuta kosa la mwanamke. Haukuja.

"Mwambie mama vitufe hivi vimechoka," alisema Masele. "Tuviache vipumzike."

Kibodi ya Kantaben haikuingia. Plagi yake ilikuwa nene, ya zamani, na tundu la kompyuta lilikuwa dogo. Violeth alishusha pumzi, lakini Masele alikuwa tayari ameshafungua begi. Alimwaga mezani vitu alivyookota kambini wazungu walipofunga virago: nyaya, skrubu, vipande vya plagi, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kifupi kama kidole gumba, upande mmoja mnene, upande wa pili mwembamba. Adapta. Akaizima kompyuta, akaunga, akaiwasha. Taa tatu za kibodi zikamulika mara moja kwa pamoja, zikazima.

"Imeiona," alisema Masele. Apolonia, nyuma ya pazia, alijishika mdomo.

Printa nayo ilikubali baada ya Masele kunyoosha sindano moja iliyopinda kwenye plagi ya waya wake kwa ncha ya kisu. Iliyokorofisha ilikuwa kadi. Ile kompyuta ilikuwa kuukuu, na diski yake ya ndani ilifaa kuiwashia tu. Ukihifadhi kazi humo, kesho huikuti. Kazi yote ilikaa kwenye disketi, na disketi ilisomwa na kisanduku kilichokaa nje, ambacho waya wake uliishia kwenye kadi nyembamba, pana kama kitambulisho, inayosukumwa ubavuni mwa kompyuta. Springi iliyomo humo ilikuwa imechakaa. Ukiachia kadi, inarudi nje unywele mmoja tu, na huo unywele unatosha. Kompyuta inaganda, na chochote ambacho hakijahifadhiwa kinapotea. Kwa wiki mbili Apolonia alikuwa akiibana kadi hiyo kwa goti, kompyuta ikiwa mapajani, na hakumwambia mtu.

"Shika wewe," Masele alimwambia mkewe, "mimi nitoke, mama aje aandike."

Wakajaribu hivyo. Masele akatoka barazani, Apolonia akatoka chumbani, akaanza. Vidole vyake vilikuwa vimeikumbuka kibodi nzito kama ile, inayojibu ukiigusa. Alikwenda kurasa tatu bila kusita. Violeth alikuwa amebana kadi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Mtoto akalia. Violeth akageuka. Kioo kikaganda palepale, kurasa tatu zikaenda.

Apolonia alirudi chumbani, akakaa kitandani, akalia kweli, kwa sauti, kama msibani. Alilia kwa ajili ya nyumba, kwa Maige ambaye angefika mwisho wa mwezi akute funguo si zao, kwa Bwana Magesa na kengele yake. Nje Masele alisimama barazani bila kujua pa kuiweka mikono. Alikuwa hajawahi kumsikia mama mkwe wake akilia, na mila haikumwambia afanye nini.

Aliingia ndani taratibu. Akatazama ule waya uliojisokota wa kibodi. Akaushika ncha mbili akauvuta, ukanyooka, ukanyooka, ukafika hatua nne kubwa.

"Violeth," alisema. "Muulize mama. Akiandika, huwa anatazama?"

"Anatazama nini?"

"Kioo. Au vitufe."

Violeth hakuhitaji kuuliza. Kilio nyuma ya pazia kilikuwa kimekatika.

"Mwambie," ilisema sauti ya Apolonia, bado ina makamasi, lakini ndani yake mlikuwa na kitu cha mwalimu, "mpiga chapa anatazama karatasi anayonakili. Akitazama vidole, huyo si mpiga chapa."

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, umeme ukiwapo, wakaanza. Mgao wa mtaa wao ulikuwa unakata saa saba mchana, na betri ya kompyuta ilikuwa imeshakufa zamani. Kompyuta ilikaa mezani sebuleni, mbele ya Masele, kidole gumba chake kimebana kadi. Waya ulishuka mezani, ukapita sakafuni chini ya pazia la maua, ukapanda kitandani, hadi kwenye kibodi iliyowekwa juu ya sinia, juu ya mapaja ya Apolonia. Pembeni mwake palikuwa na mswada wa Katibu, mwandiko kama nyayo za kuku. Violeth alikaa kizingitini, nusu huku nusu kule, mtoto mapajani.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Upande mmoja mwanamke anaandika asichokiona. Upande wa pili mwanamume anaona asichokiandika. Herufi zilitoka chumbani zikatokea sebuleni, moja baada ya moja, kwa kasi ambayo Masele hakuwahi kuiona hata kambini kwa wazungu. Kila ukurasa ukiisha Apolonia aligonga sinia mara mbili. Masele alibana kadi kwa nguvu zote na kwa mkono wake wa kushoto akabonyeza kwa ncha ya kalamu vile vitufe vya juu vilivyokuwa bado vizima, kisanduku kikaguguna, kazi ikahifadhika. "Mwambie mama imeingia." "Mama, imeingia." Ukurasa unaofuata.

Kwenye ukurasa wa ishirini na tatu mikono ya Apolonia ilisogea kitufe kimoja kulia. Hutokea, hata kwa mabingwa, ukinyanyua mkono kufukuza nzi. Kwenye kioo mbele ya Masele mistari miwili mizima ikawa takataka, lugha isiyokuwa ya mtu. Na yeye aliketi pale, jasho linamtoka, maana mkwe atamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea? Mstari wa tatu ukaanza.

"Violeth," alisema hatimaye. "Mwambie mama mashine imekosea. Imekosea tangu 'bei ya mbegu'. Nitaifutia yale makosa yake, mama aanze hapo tena."

Nyuma ya pazia Apolonia alitazama vidole vyake kwa mara ya kwanza siku ile, akaona viko wapi. Mashine! Alivirudisha mahali pake taratibu. Alikuwa amekosolewa maishani mwake na watu wengi, ofisini na kwingineko, na hakukumbuka hata mmoja aliyewahi kumkosoa huku akimsitiri hivyo. Akaanza tena kutoka bei ya mbegu.

Saa nne na nusu aligonga sinia kwa mara ya mwisho. Printa ya Kantaben ikaanza kazi, na kelele zake zilikuwa kama mtu anayepasua shuka mpya, mstari kwa mstari, mpaka majirani wakaja kuchungulia kuna nini kwa Mama Violeth. Karatasi ya thelathini na moja ilitoka saa sita kasoro dakika kumi. Masele alizichana kingo zenye matundu moja moja, akazipanga, akamkabidhi Violeth, Violeth akampa mama yake. Apolonia alizisoma zote akiwa amesimama. Hakuna jina la mtu lililokosewa.

Bwana Magesa alizipokea saa nane na nusu. Alipekua mwanzo, akapekua katikati, akatafuta kosa mwishoni.

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, Katibu. Na kuna jambo. Kibodi ya ile kompyuta niliiua mwenyewe. Niliisafisha kwa mafuta ya taa, kama ile ya zamani. Nimetumia ya kuazima, ya nje. Kama kuna kulipa, nitakatwa."

Nyamizi aliacha kuandika. Bwana Magesa alimtazama Apolonia, mdomo umeshajiandaa kuchekesha. Lakini benchi siku hiyo halikuwa na mtu, na labda kicheko kisicho na wasikilizaji si kitamu. Alifungua mtoto wa meza, akatoa orodha ya watakaopunguzwa. Majina matatu yalikuwa kwa wino. La nne lilikuwa kwa penseli, na Apolonia akalisoma kinyumenyume kutoka alipokuwa: lilikuwa lake.

"Ile mashine imepita mikononi mwa watu watatu kabla yako," alisema Katibu. "Kila mmoja aliirudisha na kasoro, akasema aliikuta hivyo." Akachukua kifutio. Alifuta polepole, akapuliza vumbi lake, akairudisha orodha. "Jumatatu saa moja na nusu, Mama Violeth. Usichelewe."

Apolonia alitoka nje. Alimshukuru Mungu. Kisha akawakumbuka wale watatu wa wino, ambao alikuwa amekunywa nao chai miaka yote ile, na shukrani yake ikawa nzito kubeba, lakini ilibaki shukrani.

Alirudi nyumbani akapitia mlango wa nyuma. Masele alikuwa sebuleni anakunja nyaya, kwani kesho alikuwa na basi la asubuhi na vitu vya Mama Sunil vilipaswa kurudishwa. Umeme ulikuwa umerudi. Violeth alimpokea mama yake chumbani, akamsoma usoni kabla hajasema, akapiga kigelegele kilichomwamsha mtoto.

"Mwambie asifungue waya kwanza," alisema Apolonia. "Aiwashe."

"Mama, kazi si imekwisha?"

"Mwambie aiwashe."

Alikaa kitandani, akaweka sinia mapajani. Vidole vilivyokwenda kurasa kumi na saba asubuhi bila kusita sasa vilikuwa vizito. Maneno ya watu wengine alikuwa ameyaandika maisha yake yote. Yake mwenyewe hakuwa na desturi nayo. Kisha akaanza, na upande wa pili Masele akaona herufi zinatokea kwenye kioo kitupu, taratibu.

*Wabeja Masele. Wabeja ng'wanone. Mashine haikukosea. Najua. Nilikudharau na wewe ukanisitiri. Kazi ninayo na nyumba tunayo.*

Alisoma. Akasoma tena. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwambia asante, wala kumwita "mwanangu", si kwa Kisukuma, si kwa Kiswahili.

"Ameandika nini?" Violeth aliuliza kutoka kizingitini.

Masele alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akaushika waya, akauvuta polepole, na kibodi ikashuka kitandani kwa Apolonia, ikapita chini ya pazia, ikaenda kwake. Ikafuata sauti ya kitufe kimoja. Kimya. Kitufe kingine. Alikuwa anatafuta kila herufi kwa kidole kimoja cha shahada, anaikuta, anaibonyeza, anaanza kuitafuta inayofuata. Apolonia alisikiliza mwandiko ule wa kuchechemea, na masikio yake ya miaka ishirini na miwili yaliumia.

Printa ikapiga kelele mara moja, fupi. Violeth akaleta karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja:

*Mama naomba nifundishe kuandika bila kuangalia.*

Apolonia aliiweka karatasi mapajani, akailaza kwa viganja vyote viwili. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na hakujali nani anasikia.

"Mwambie basi la kesho aliache liende," alisema. "Na akate kucha."